Kidimbwi cha samaki kule Khayega: Ni nani atakayekiamkia?

Ikiwa umetoka Khayega au kokote kule Isukha na Idakho, na kazi imekuweka Nairobi, Nakuru ama Mombasa, bila shaka wazo hili limewahi kukupitia kichwani. Nyuma ya boma la wazazi, kule chini bondeni karibu na kijito, kuna kipande cha ardhi ambacho mahindi hukataa kumea kwa sababu ya unyevu. Unajiambia: hapa nikichimba kidimbwi cha samaki, mama atakuwa na kitoweo, atauza wachache apate pesa za sabuni na sukari, na karo ya wadogo wangu italipika bila mimi kupigiwa simu kila mwisho wa mwezi.

Wazo lenyewe si baya hata kidogo. Maji yapo. Mvua ya Kakamega hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka na mabondeni kuna chemchemi ambazo hazikauki hata Januari. Walaji wapo pia. Sisi Waluhya tumesingiziwa kuku mpaka wenyewe tumekubali, lakini nenda pale sokoni Khayega jioni uhesabu ni kina mama wangapi wanaouza omena na ngege wa kukaangwa.

Ninalotaka tuongee leo ni lile ambalo mchimbaji hatakuambia, wala muuzaji wa vifaranga. Kuchimba ndiyo sehemu rahisi. Vijana wanane wenye majembe na wilibaro watakumalizia kwa wiki mbili tatu, utawalipa, utapiga picha uwaonyeshe wenzako kazini. Kazi yenyewe huanza siku ile maji yanapoingia, na haina Jumapili.

Wala usidhani wewe ni wa kwanza kuota ndoto hii. Katika miaka ya 1960 serikali iliendesha kampeni ya kuwahimiza wananchi wale samaki zaidi, na vidimbwi vikachimbwa kwa maelfu katika Mkoa wa Kati na huku kwetu Magharibi. Ilipofika miaka ya 1970 vingi vilikuwa vimeachwa: maafisa wa kuwaelekeza wakulima walikuwa wachache na mafunzo yao haba, na vifaranga bora havikupatikana. Mwaka 2009 homa ikarudi kwa nguvu mpya. Katika mpango wa kufufua uchumi, serikali iligharamia vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140, kila kidimbwi mita 300 za mraba, na kila kimoja kikatiwa vifaranga 1,000. Vijana walipata kibarua cha kuchimba. Samaki wa kufugwa nchini, ambao kabla ya hapo hawakufika tani 5,000 kwa mwaka, walipita tani 20,000 kufikia 2014. Halafu vifaranga vya bure vikaisha, chakula cha bure kikaisha, na kufikia 2017 hesabu ilikuwa imeshuka hadi karibu nusu. Mwaka 2018 ulianza mpango mwingine wa serikali na shirika la IFAD katika kaunti 15, Kakamega ikiwemo. Kwa hivyo hii ni awamu ya tatu, na ukitembea katika mabonde yetu bado unaweza kuona mashimo ya awamu zilizotangulia, yameota matete.

Hebu tuingie kidimbwini sasa.

Wenye majumba ya kifahari kule Runda na Karen wana vidimbwi vya kuogelea, na kilio chao ni kimoja: klorini, pampu, chujio, majani ya miti. Maji yakianza kuwa ya kijani mwenye nyumba hukosa usingizi. Mwenye kidimbwi cha samaki hukosa usingizi maji yasipokuwa ya kijani. Ule ukijani ni vimelea vidogo vya mimea ambavyo tilapia hula, na pia hutia hewa majini mchana. Huja kwa samadi ya ng'ombe au ya kuku, na katika udongo wetu huu wenye asidi samadi haifanyi kazi vizuri mpaka utangulize chokaa. Kipimo chake hakihitaji mashine. Siku ya jua, nyoosha mkono uuzamishe majini taratibu, kiganja kikiwa kimekunjwa kutazama juu. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, ukijani umezidi, acha samadi. Maji yakipita kiwiko na bado unahesabu vidole vyako, ongeza. Kikipotea maji yakiwa pale pale kiwikoni, rudi nyumbani ukanywe chai.

Lakini mvua moja ya Aprili inaweza kufuta kazi ya mwezi mzima. Maji ya mvua yakitiririka kutoka shambani hadi kidimbwini huleta udongo mwekundu, maji yakawa kama chai ya maziwa, mwanga usipenye, na ule ukijani ukafa. Yakifurika, samaki nao huondoka nayo, na jirani wa chini atakushukuru kimoyomoyo. Ndiyo maana lazima uchimbe mtaro wa kukinga upande wa juu, na utie bomba la kupunguzia maji lenye wavu mdomoni. Wavu huo huziba kwa majani. Lazima mtu auzibue.

Kiangazi nacho kina hesabu yake. Kidimbwi cha mita 300 za mraba kikipungua sentimita moja tu kwa siku, kwa jua na kwa kunyonywa na udongo, hiyo ni lita 3,000, yaani mitungi 150 ya lita 20. Hakuna mtoto utakayemtuma kuchota hiyo. Kwa hiyo kama hakuna kijito au chemchemi inayoweza kuingia yenyewe kwa mfereji, acha kabisa mradi huu. Na kama kijito kipo, pitia kwanza kwa mamlaka ya rasilimali za maji upate kibali cha kukielekeza. Kuna wanaotandika karatasi nzito ya plastiki kuzuia maji yasipotee. Husaidia, mpaka panya aitoboe au mtu aliyekuja kufyeka nyasi aipige jembe.

Sasa nifike kwenye jambo linalowaangusha wengi kuliko yote niliyotaja, nalo hutokea watu wakiwa wamelala.

Vimelea vile vya kijani hutoa oksijeni mchana, jua likiwaka. Usiku huivuta, samaki nao wanaivuta, na uozo wa samadi na mabaki ya chakula kule chini nao unaivuta. Saa ambayo kidimbwi kina hewa kidogo kuliko saa zote ni alfajiri, kabla ya jua kuchomoza. Kukiwa kumetanda mawingu siku mbili tatu mfululizo, na hilo kwetu mwezi wa Mei si habari, hewa iliyotengenezwa mchana huwa haba na usiku huimaliza. Saa kumi na moja alfajiri utakuta samaki wote wamepanda juu, midomo wazi, wanatweta. Kambare ataponea hapo kwa sababu yeye anaweza kumeza hewa ya juu, tilapia hawezi. Ukiingiza maji mapya kwa kasi wakati huo, ukaacha samadi na chakula kwa siku kadhaa, utawaokoa. Usipokuwapo, saa mbili asubuhi wameelea tumbo juu, wakubwa kwanza.

Kumbuka basi kwamba hapo ni saa kumi na moja alfajiri, mvua inanyunya, njia ya bondeni inateleza, na mama yako ana miaka 68. Wewe uko Umoja, unasubiri matatu ya kwenda mjini.

Nina senje yangu anayekaa ndani ndani kidogo, ukishika ile barabara ya kutoka Khayega kwenda Shinyalu. Mwanawe, binamu yangu, ni mtu wa Nairobi na ni mtu mzuri. Sisemi haya kumdhihaki. Miaka michache iliyopita alimchimbia mamake kidimbwi, akatuma kwa M-Pesa pesa za vifaranga 1,000 kutoka kwa muuzaji aliyemhakikishia kuwa wote ni madume, akatuma na za chakula cha miezi mitatu ya kwanza. Halafu akatuma nyingine kila alipoweza, na miezi mingine hakuweza. Desemba akaja na familia na kreti mbili kubwa. Karo ya kidato cha kwanza ya kitinda mimba wa nyumba hiyo alikuwa ameipangia humo humo kidimbwini.

Maji yalipotolewa tulikuwa watu wengi pale ukingoni, maana kijijini hakuna siri. Samaki wa kuuzika hawakufika 300. Waliobaki walikuwa wadogo wa kidole gumba, maelfu, wakiruka ruka kwenye matope.

Binamu yangu alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini lakini sote tulisikia, “Mama, wale wengine walienda wapi?”

Senje hakukasirika mara moja. Alijifuta mikono kwenye leso akamwambia, “Baba, unaniuliza kama mwizi? Wewe ulituma pesa za samaki. Za mtu wa kuwaangalia hukutuma.”

Siku hiyo hawakuzungumza tena mpaka usiku, na sikukuu yenyewe ikawa baridi. Kule Isukha watu husafiri kutoka mbali waje kutazama mafahali wakipigana, lakini mwaka huo nyumbani kwa senje mada ilikuwa moja tu. Majirani walikuwa na maoni. Shemeji zake walikuwa na maoni. Mtu hawezi kuthibitisha kuwa hakuuza samaki 700.

Na kumbe maelezo yalikuwapo, wala hayakuhitaji mwizi. Tilapia huanza kuzaa akiwa mdogo sana, wa miezi mitatu minne tu, na huzaa tena na tena. Madume na majike wakichanganyika, kidimbwi hujaa watoto. Wote wanagombea chakula kile kile, hakuna anayekua. Ndiyo sababu vifaranga wa kuuza hulishwa chakula chenye homoni kwa wiki tatu au nne za kwanza, ili karibu wote wawe madume. Kazi hiyo ikifanywa ovyo unauziwa mchanganyiko, na kwa macho huwezi kutambua wakiwa wadogo hivyo. Dawa ya nyumbani ipo: kutia kambare wachache tilapia wakishakuwa wakubwa kiasi, wawale wale watoto. Kuna pia kuwakagua mmoja mmoja wakifikia ukubwa wa kiganja na kuyatoa majike, lakini hiyo ni kazi ya kuinama kutwa nzima.

Na wale 700? Wengine walikufa wiki ya kwanza kwa kusafirishwa kwenye joto na kumwagwa majini papo hapo, badala ya mifuko yao kuachwa ielee kwanza mpaka joto la ndani na la nje lilingane. Wengine waliliwa. Mdiria hutua kwenye mti, hutazama, hujitupa, na kila safari anaondoka na mmoja. Korongo husimama pembeni kama mzee anayesubiri baraza. Usiku kuna fisi maji, na mchana kuna kenge. Nyuzi zikivutwa juu ya maji kutoka ukingo hadi ukingo huwapunguza ndege, na nyasi za kando zikifyekwa kenge hukosa pa kujificha. Nyuzi hukatika. Nyasi huota tena baada ya wiki mbili. Mwizi wa miguu miwili naye yupo, na huyo hupenda usiku wa mvua kwa sababu hakuna asikiaye. Lakini ukiniuliza mimi, msomaji, ndiye wa mwisho kushukiwa kabla ya kumhesabu mdiria.

Kuhusu chakula nitasema kwa ufupi, maana hapo pesa hujieleza zenyewe. Samaki 1,000 wakifikia gramu 100 kila mmoja, pamoja ni kilo 100, nao wanahitaji kama kilo tatu za chakula kila siku. Chakula humeza zaidi ya nusu ya gharama zote za ufugaji. Kina mama huchanganya pumba za mchele na omena waliosagwa, jambo ambalo lina kichekesho chake: unamlisha samaki kwa samaki ambao familia ingewala. Lisha saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, mahali pale pale, na utazame. Wasipokuja haraka, kuna shida. Usimwage chote na kwenda zako. Kisicholiwa huoza, na uozo huo ndio utakaokula hewa alfajiri. Tena usitarajie miezi sita kama ulivyosoma mahali. Khayega iko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Tilapia hukua vizuri maji yakiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30, na usiku wetu wa Julai unajua ulivyo. Jipangie miezi minane au zaidi.

Soko halina tatizo kubwa ukiwa na samaki wachache. Majirani watawamaliza pale pale ukingoni. Ukiwa na wengi unashindana na ngege wa Kisumu, mwendo wa saa moja hivi kwa matatu, na katika miji unashindana na samaki waliogandishwa kutoka Uchina. Vuna kidogo kidogo.

Kuna jambo ambalo si la pesa. Kidimbwi cha kawaida kina kina cha nusu mita upande mmoja na mita moja na zaidi upande wa pili. Mtu mzima akisimama humo maji yanamfika kiunoni, kwa hiyo hakuna anayeyaogopa. Mtoto wa miaka mitatu yanamfunika, na kingo za udongo wa mfinyanzi zikilowa huteleza kama sabuni, akiingia hatoki. Wajukuu wako wa mjini watakuja Desemba hawajui kidimbwi kiko wapi, nao wakisikia kuna samaki watakimbilia huko kabla hawajasalimia. Weka ua wa seng'enge wenye lango na kufuli kabla hujaweka kifaranga hata mmoja. Kama pesa zimekwisha kwenye kuchimba na ua haujapatikana, usijaze maji. Hapa sibembelezi mtu.

Sasa, utafanyaje? Nimewauliza wafugaji kadhaa wa upande ule ambao vidimbwi vyao vimedumu miaka mingi, na jibu lao halikuwa la kitaalamu. Kila mmoja alikuwa na mtu. Mahali pengine ni mzee mwenyewe aliyestaafu ualimu, haondoki nyumbani. Mahali pengine ni kijana wa jirani anayelipwa mshahara kila mwezi, na juu yake ana fungu lake kwenye mavuno, ndipo anaamka alfajiri bila kusukumwa. Kwingine majirani watano walijiunga, kila mmoja na zamu yake, wakaomba afisa wa samaki wa kaunti awatembelee wote kwa siku moja badala ya kumfukuzia kila mtu peke yake. Binamu yangu baadaye alianza kumlipa kijana. Senje anaandika kwenye daftari la shule la kurasa 48: chakula kilichotolewa, samaki waliokufa, waliouzwa, waliopelekwa matanga. Daftari hilo limeleta amani ambayo mazungumzo hayakuleta.

Kabla ya kutuma shilingi ya kwanza, basi, mpigie mama simu. Usimwambie unataka kumchimbia kidimbwi, maana atakubali. Mama hukubali chochote kitakachomleta mtoto nyumbani. Muulize atakayeshuka bondeni alfajiri ni nani, na kiasi gani kwa mwezi kitamfanya ashuke. Kiasi hicho kiandike kwenye hesabu zako juu kabisa, kabla ya vifaranga. Ikiwa huwezi kukitoa kwa miezi minane mfululizo, subiri mwaka mwingine.

Na kama kidimbwi unacho tayari na kimekushinda, usikiache hivyo hivyo na maji yake. Maji yaliyotuama bila samaki ni nyumba ya mbu. Utafiti uliofanywa Kisii ya Kati na kuchapishwa 2007 ulionyesha kuwa vidimbwi vilivyotelekezwa vilipotiwa tilapia, viluwiluwi vya mbu wa malaria vilipungua kwa zaidi ya asilimia 94 baada ya wiki 15. Fikiria basi idadi ya mbu ambao shimo lako tupu linawalea hatua chache kutoka dirisha la chumba wanamolala watoto. Ama tia tilapia wachache uwaache wajizalie, wasiwe biashara, kazi yao iwe kula viluwiluwi, na ufyeke nyasi za kingo ambako mbu hujificha. Ama bomoa ukingo wa chini, maji yaondoke. Tope litakalobaki limelishwa samadi miaka yote hiyo na lina rutuba kuliko shamba lako zima. Panda nduma humo, kabla ya mvua za Machi.